Morgan hakuvumbua taa za barabarani, na bado anastahili slaidi yake

Vyuo vya Dodoma vina kazi moja ya kikundi ambayo haikai muda mrefu bila kurudi. Mhadhiri anatoa mada, CR (kiongozi wa darasa) anagawa watu kumi kumi, wawili wanapiga kazi na wanane wanahakikisha majina yao yameandikwa, kisha siku inafika ya kusimama mbele ya projekta na kueleza mchango wa wasomi weusi katika nyanja mbalimbali. Slaidi ya kwanza huwa na picha ya Nyerere au Mandela, hata kama kozi ni ya fizikia. Slaidi ya tatu inasema Mmarekani mweusi aitwaye Garrett Morgan ndiye aliyevumbua taa za barabarani. Hapo mtu wa viti vya nyuma ananyoosha mkono, simu mkononi: "Mbona hapa naona zilikuwepo London tangu 1868?"

Ubishi huo hauishii darasani. Unahamia kwenye vimbweta, unaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na Februari ikifika, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi, unapata kuni mpya: orodha ndefu ambazo hakuna anayejua zilianzia wapi. Kuna wanaosema kila kitu kilivumbuliwa na mtu mweusi na wazungu wakaiba. Kuna wanaojibu kwamba hizo ni porojo za kujifariji, hakuna kilichofanyika. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinapima mchango kwa swali la nani alikuwa wa kwanza. Ukiuliza badala yake mtu huyu aliongeza nini juu ya alichokikuta, ubishi mwingi unaisha, na watu wenyewe wanaonekana wakubwa kuliko walivyo kwenye orodha.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kugundua ni kubaini kitu au jambo ambalo tayari lipo katika maumbile, kama vile tabia ya maji yanapoganda. Kuvumbua ni kuunda kitu ambacho hakikuwepo. Kuboresha ni kukichukua kilichopo na kukifanya kifae zaidi, kiwe rahisi, kidumu au kisiue watu. Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya peke yake kwa miaka maalumu juu ya kile alichokieleza katika hati hiyo. Tanzania Bara husajiliwa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara.

Vurugu kubwa inatoka kwenye hataza. Mtu akiona hati ya mwaka fulani yenye jina la mtu na neno "pasi", anahitimisha kwamba huyo ndiye aliyeleta pasi duniani. Hati haisemi hivyo. Inasema kuna jambo jipya ambalo mtu huyu ameliongeza kwenye pasi, na jambo hilo ndilo lake. Pasi moja inaweza kuwa na hataza mia moja zenye wenyewe mia moja, na wote wakawa wanasema kweli.

Nyumba nyingi za Dodoma zinajengwa kwa mtindo ambao utatusaidia hapa. Mzee alinunua kiwanja Nkuhungu, akamwaga msingi, pesa ikakata. Miaka ikapita, mwanawe akainua boma hadi linta. Binti alipopata ajira Mtumba, kwenye mji wa Serikali, akapaua, akapiga lipu, akavuta umeme, watu wakahamia. Nani kajenga? Ukimtaja binti peke yake mzee atanuna, na ana haki. Ukimtaja mzee peke yake unasahau kwamba bila binti lile boma lingekuwa la popo mpaka leo. Vitu vingi tunavyovitumia vimejengwa hivyo. Kazi ya mtoa mada ni kueleza mtu wake aliikuta nyumba imefikia wapi, na alipoondoka ilikuwa imefikia wapi.

Sasa turudi kwa Morgan. Taa ya kwanza ya kuongozea magari (wakati huo mikokoteni ya farasi) iliwekwa London mwaka 1868 karibu na Bunge, ikitumia gesi, na haikudumu kwa sababu ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Taa za umeme ziliwashwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Mwaka 1920 polisi wa Detroit, William Potts, alitengeneza ya rangi tatu. Hataza ya Morgan ni ya 1923. Kwa hiyo yule wa viti vya nyuma yuko sahihi, ila asikae chini haraka. Chombo cha Morgan kilikuwa nguzo yenye mikono, umbo la herufi T, kikizungushwa kwa mkono, na kilikuwa na hatua ya katikati inayosimamisha pande zote kwa pamoja ili waliokwisha kuingia makutano wamalize na wanaotembea kwa miguu wavuke. Yeyote aliyewahi kukutana na bodaboda katikati ya makutano anaelewa thamani ya hatua hiyo.

Kinachonisikitisha ni kwamba taa zimemfunika Morgan mwingine ambaye ni wa kusisimua zaidi. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya kujikinga na moshi, yenye bomba refu lililoshuka hadi karibu na sakafu, ambako hewa huwa nzuri zaidi moto unapowaka. Mwaka 1916 mlipuko uliwanasa wafanyakazi ndani ya handaki chini ya Ziwa Erie, na Morgan na ndugu yake wakavaa kofia zile wakaingia kuwatoa. Alipokuwa akiziuza majimbo ya kusini alilazimika kumkodi mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, maana wateja wasingenunua kwa mtu mweusi. Hiyo ndiyo slaidi. Taa ziwe mstari mmoja chini yake.

Lewis Latimer naye ana tatizo hilohilo. Utasikia kwamba ndiye aliyevumbua balbu na Edison akamwibia. Latimer, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa, alijifunza uchoraji wa kiufundi mwenyewe, akachora michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell mwaka 1876. Kisha akafanya kazi kwa mshindani wa Edison, na mwaka 1882 akapata hataza ya namna bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni zinazowaka ndani ya balbu, nyuzi ambazo udhaifu wake ndio uliokuwa ukizifanya balbu za mwanzo zife mapema. Baadaye aliajiriwa na kampuni za Edison, akawa shahidi wao mtaalamu katika kesi za hataza, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kufafanua mwanga wa umeme. Hakuibiwa balbu. Alikuwa mmoja wa watu walioifanya balbu iwe kitu cha kununulika.

Hizo orodha zilitoka wapi basi? Jibu lake linapendeza, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa kazi ya kitaaluma kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na Mmarekani mweusi, Henry Baker, aliyekuwa mkaguzi msaidizi katika ofisi ya hataza ya Marekani. Hati za hataza hazikuwa zikieleza rangi ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyejua ni wangapi kati ya wenye hataza walikuwa weusi. Baker akatafuta. Kuelekea maonyesho makubwa ya Paris ya 1900, barua ziliandikwa kwa mawakili wa hataza na watu wengine kote nchini zikiuliza: je, mnamfahamu mvumbuzi mweusi? Majina yaliyopatikana yalilinganishwa na kumbukumbu za ofisi, na orodha ikapelekwa Paris kama sehemu ya maonyesho kuhusu Wamarekani weusi ambayo W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa sayansi ya jamii, alishiriki kuyaandaa.

Orodha ya Baker ilikuwa na jina, kitu, tarehe na namba ya hataza. Baadaye ikanakiliwa kwenye mabango ya shule, kalenda na vitabu vya watoto, na siku hizi kwenye meseji, na kila ikinakiliwa inapoteza kipande. Namba ikaanguka, neno "uboreshaji" likaanguka, likabaki jina na kitu. Sarah Boone, aliyezaliwa utumwani, alipata hataza mwaka 1892 ya mbao nyembamba iliyopindwa, ya kupigia pasi mikono na viwiliwili vya nguo za kike. Leo anaitwa mvumbuzi wa mbao za kupigia pasi, ingawa hataza za mbao hizo zilikuwepo kabla yake. Fundi cherehani yeyote wa mtaa wa Majengo hapa Dodoma atakwambia mkono wa gauni unasumbua kuliko gauni zima, na mama huyu alilitatua hilo. Tukimpa mbao zote tunamnyang'anya kile alichokifikiria yeye. Na akili mnemba haijaleta nafuu: imesoma orodha hizohizo zilizokatika, kwa hiyo ukiiuliza kwa haraka inaweza kukurudishia kosa lilelile kwa sentensi nadhifu.

Mtu ambaye nadhani ana maana ya pekee kwetu watu wa kanda ya kati ni George Washington Carver. Dai la kawaida ni kwamba alivumbua siagi ya karanga. Hapana. Watu wa Amerika ya Kusini walisaga karanga karne nyingi kabla, na Marcellus Edson wa Montreal alipewa hataza ya uji mzito wa karanga mwaka 1884, Carver akiwa bado kijana asiyejulikana. Carver mwenyewe alipata hataza tatu tu maisha yake yote, na hakuna hata moja ya siagi hiyo.

Alichofanya kilihusu udongo. Alizaliwa utumwani Missouri, akasomea sayansi ya mimea Iowa, na mwaka 1896 akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Huko alikuta wakulima weusi maskini wakilima pamba mwaka baada ya mwaka kwenye ardhi ileile mpaka imechoka. Karanga, kunde na jamaa zake huishi na bakteria kwenye mizizi yao ambao hunasa naitrojeni ya hewani na kuiweka katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Mkulima wa Bahi anayebadilishana uwele na njugu mawe analijua hili kwa macho hata bila kulitaja kwa jina la kisayansi. Carver hakuwa wa kwanza kuligundua pia. Yeye alilichukua kutoka maabara akalipeleka shambani: aliandika vijitabu vya lugha nyepesi, na kuanzia 1906 kulikuwa na gari la kukokotwa na wanyama lililozunguka vijijini likiwa na mbegu na zana za kufundishia. Kijitabu chake cha 1916 kilieleza namna ya kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula, kwa sababu hakuna mkulima atakayepanda karanga kwa ajili ya afya ya udongo kama hajui atazila vipi au atamuuzia nani.

Sasa angalia jinsi karanga zilivyokuja Kongwa. Mwaka 1947, miaka minne baada ya Carver kufariki, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kitovu chake kikiwa Kongwa. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kufyeka pori. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu mno kiangazi, karanga zikiwa bado chini, na mchanga wake ulikuwa ukila vyuma vya majembe. Mvua hazikutii ratiba. Mradi ulifungwa 1951 baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Sidai kwamba Carver angeuokoa. Ila alichofundisha maisha yake yote, kwamba uanze na udongo na mkulima aliyepo kabla ya kununua mashine, ndicho hasa kilichokosekana. Kikundi cha Dodoma kikiweka Kongwa karibu na Carver, mhadhiri hatasinzia.

Charles Drew, daktari Mmarekani mweusi, anatuhusu kila watu wa Damu Salama wanapopita chuoni kukusanya damu. Wanasema alivumbua benki ya damu. Hospitali ya Cook County, Chicago, ilikuwa na benki ya damu tangu 1937 chini ya daktari Bernard Fantus, na Wasovieti walikuwa wakihifadhi damu kabla ya hapo. Drew aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1940 juu ya uhifadhi wa damu: inaharibika vipi, idumu vipi. Mwaka huohuo akasimamia kitabibu mpango wa kukusanya plazma, yaani majimaji yanayobaki damu ikiondolewa chembe zake, na kuipeleka Uingereza iliyokuwa ikipigwa mabomu. Plazma hudumu zaidi ya damu nzima na haihitaji kulinganisha makundi kwa ugumu uleule. Alichokijenga Drew ni utaratibu: vipimo vya usafi vinavyofanana, hatua zinazofanana, hospitali hii na ile. Mambo ya utaratibu hayapendezi kwenye picha, lakini ndiyo yanayookoa watu.

Kuna hadithi nyingine juu yake inayopendwa sana: kwamba alikufa mwaka 1950 baada ya ajali ya gari kwa sababu hospitali ya wazungu ilikataa kumwongezea damu. Si kweli. Alipelekwa hospitali ya karibu huko North Carolina, madaktari wazungu wakamhudumia, na madaktari weusi waliokuwa naye garini walishuhudia hivyo. Majeraha yalikuwa makubwa mno. Hadithi ilishika kwa sababu wagonjwa wengine weusi kweli walikuwa wakikataliwa. Na ubaguzi uliomgusa Drew mwenyewe upo kwenye kumbukumbu: Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianza kwa kukataa damu ya watu weusi, kisha ukaipokea lakini ukaitenga na ya wazungu, na yeye alipinga hadharani kwamba jambo hilo halina msingi wowote wa kisayansi.

Kwenye teknolojia ya siku hizi dai la "fulani kavumbua" linazidi kuwa gumu, kwa sababu mitambo yenyewe ni kazi ya maelfu ya watu. Gladys West hakuvumbua GPS. Alifanya hesabu na programu za kompyuta zilizosaidia kupata umbo sahihi la dunia, ambalo bila hilo ramani ya simu yako ingekutupa mbali na pale Chako ni Chako, Dodoma. Philip Emeagwali wa Nigeria si baba wa intaneti. Alishinda tuzo ya Gordon Bell mwaka 1989 kwa kuvifanyisha kazi pamoja vichakataji 65,536 vya kompyuta moja kukokotoa mwendo wa mafuta ardhini. Tuendelee.

Upande wa pili wa ubishi, ule unaosema hakuna kilichofanyika, unapenda kuuliza: kama walifanya, hati ziko wapi? Swali hilo linasahau sheria. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa Marekani alitoa msimamo kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza, kwa kuwa mtumwa hakuhesabiwa raia. Bwana wake naye hakuweza kuiomba, maana hakuwa yeye aliyebuni. Kwa hiyo vitu vilivyobuniwa na watu hao viliingia mashambani bila jina la mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Onesimus. Alikuwa Mwafrika mtumwa katika nyumba ya mchungaji Cotton Mather, Boston. Yapata 1716 alimweleza bwana wake kwamba kwao Afrika mtu asiyeumwa huchanjwa kidogo ngozi na kuingizwa usaha wa mgonjwa wa ndui, anaumwa kidogo, kisha ndui haimpati tena. Mather akauliza Waafrika wengine, wakasema vilevile. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston akaijaribu kwa watu zaidi ya 200, huku wananchi wakimtishia maisha. Waliochanjwa walikufa wachache sana kwa uwiano kuliko walioupata ugonjwa wenyewe. Hii ni miaka zaidi ya 70 kabla ya chanjo ya Jenner. Onesimus hana hataza, hana makala, hata jina lake la asili hatunalo. Hilo la Onesimus alipewa na bwana wake. Tunamjua kwa sababu Mather aliandika alikolipata jambo hilo. Tena mchango wenyewe si wake binafsi, na hakudai hivyo: ulikuwa maarifa ya jamii yake, naye akawa njia ya kuyafikisha.

Wanafunzi wengi huchagua vyombo kwa sababu vina picha. Nyanja nyingine hazipati nafasi, na huko ndiko wasomi wa kusomea wako wengi. Mchukue Du Bois niliyemtaja. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa kazi ya kuchunguza eneo la watu weusi la Philadelphia bila kumpa hadhi ya mwalimu. Alipita nyumba hata nyumba akiwa na madodoso, kama makarani wa Sensa ya 2022 ila peke yake, akahoji maelfu ya watu, akachora ramani za mitaa na majedwali ya kazi, kipato na afya. Kitabu kikatoka 1899. Wakati huo wengi waliamini umaskini wa watu weusi unatokana na asili yao. Yeye alionyesha kwa takwimu kwamba unatokana na historia ya utumwa, kunyimwa ajira na makazi duni. Kutumia takwimu za mtaa kuijibu dhana ya rangi kilikuwa kitu kipya.

Au Arthur Lewis wa Saint Lucia, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1979. Makala yake ya 1954 inaeleza jambo unaloliona kila asubuhi pale wanapokusanyika vijana wa saidia fundi. Maadamu vijijini Mpwapwa na Kondoa kuna watu wengi kuliko kazi iliyopo shambani, wataendelea kuja mjini kwa ujira wa chini, na ujira hautapanda hata kama majengo yanaota kila kona ya Dodoma. Mwenye mtaji anapata faida, akiiwekeza tena ajira zinaongezeka, na siku wale wa ziada watakapokwisha ndipo ujira utaanza kupanda. Wachumi wameipinga na kuirekebisha tangu hapo. Kupingwa hakufuti mchango. Makala isiyo na maana haipati wapinzani kwa miaka 70.

Walter Rodney wa Guyana alifundisha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka London na kwa Tanzania Publishing House. Watu hukifupisha kuwa "wazungu walaumiwe kwa kila kitu". Sura yake ya kwanza inasema wazi kwamba jukumu la mwisho la kuendelea linabaki mabegani mwa Waafrika. Kikundi kinachomwasilisha Rodney kisome angalau sura hiyo.

Swali jingine linalojitokeza ni la ugunduzi ambao bado unabishaniwa. Je, unahesabika? Jibu tunalo nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Tanga, aliweka mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa moto kwenye friza, kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa baridi. Mwalimu hakumwamini. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyewatembelea. Wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu. Wakachapisha makala pamoja mwaka 1969. Aristotle alikuwa ameandika jambo la namna hiyo karne nyingi kabla, kwa hiyo Mpemba si wa kwanza kuliona. Wanafizikia wengine mpaka leo wanapinga kwamba lipo, wengine wanadai wameliona, na wote wanaliita kwa jina lake. Alichoongeza ni swali lililoulizwa kwa namna inayopimika, ambalo halijafungwa.

Tahadhari ndogo kuhusu "wa kwanza mweusi". Wangari Maathai anatajwa kama mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Ni kweli, na inaeleza vikwazo alivyovuka. Haielezi alifanya nini. Taaluma yake ilikuwa anatomia ya wanyama, na kazi iliyomletea Nobeli ya amani mwaka 2004 ilikuwa ya kuwahamasisha wanawake wa vijijini wapande miche ya miti, aliyoianzisha 1977. Slaidi ikiishia kwenye "wa kwanza" imeishia mlangoni.

Na kama kikundi kimekosa mtu, Dodoma inaye wake ambaye sijui kwa nini anasahaulika. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, 1917 hadi 1969, mwanasheria, mshairi na mwandishi wa historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu cha 1954 ambacho wanahistoria bado wanakitumia na kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Anatajwa kuwa mwasisi wa ngonjera, na hapo yule wa viti vya nyuma atanyoosha mkono tena, kwa sababu washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana kwa beti tangu enzi za Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Mjibuni hivi: majibizano aliyakuta. Aliyapa wahusika wanaosimama jukwaani, wakiwa wamekariri beti zao, wakianza kwa kupingana na kumaliza kwa kukubaliana, akaifanya ngonjera kuwa bahari (aina ya ushairi) ya kufundishia wakati nchi ilipokuwa ikieleza Azimio la Arusha la 1967 kwa wananchi wake. Ushahidi hauhitaji hataza. Vitabu vya ngonjera zake vilitoka baada ya kifo chake, kuanzia 1970, na nusu ya darasa hilo waliwahi kusimama kwenye mahafali ya shule ya msingi wakaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi bila kuambiwa umbo lile lilipata sura yake kwa nani.